Maji ya chupa: maswali ya wasomaji kuhusu jua, chembe za plastiki na chupa tupu

Tangu joto lizidi, barua nyingi zinazofika katika safu hii zinahusu maji ya chupa. Wengine wanauliza kama ni salama kwa watoto wao, na wengine wanauliza zile chupa tupu zinaishia wapi. Nimechagua barua ambazo majibu yake yatawafaa wengi, na pale ambapo hofu iliyoenea mitaani imeupita ushahidi, nitasema wazi.

SWALI: Shikamoo mwandishi. Ninaishi Mbagala, Dar es Salaam. Duka ninaponunua maji hupanga katoni nje, na jua huzipiga tangu asubuhi hadi alasiri. Ukifungua chupa, maji yananuka plastiki. Katika kundi letu la akina mama umesambaa ujumbe kwamba maji ya chupa yaliyoachwa juani au ndani ya gari husababisha saratani ya matiti. Je, ni kweli? (Mama wa watoto watatu)

JIBU: Marahaba, mama. Ujumbe huo umezunguka duniani kwa miaka mingi, na hakuna utafiti uliothibitisha kwamba maji yaliyopata joto ndani ya chupa yamesababisha saratani ya matiti. Hata hivyo, pua yako haikukudanganya, na malalamiko yako ni ya haki.

Chupa za maji madogo na maji makubwa, kuanzia nusu lita hadi lita moja na nusu, kwa kawaida hutengenezwa kwa plastiki iitwayo PET, ambayo utaitambua kwa namba 1 iliyo ndani ya pembetatu ya mishale kwenye kitako cha chupa. Ndani ya plastiki hiyo kuna vitu viwili vinavyohusiana na swali lako. Cha kwanza ni asetaldehaidi, ambayo huzaliwa plastiki inapoyeyushwa kiwandani na baadaye huingia kwenye maji kidogo kidogo. Mara nyingi hiyo ndiyo inayoleta ladha na harufu unayoieleza, hasa chupa ikipata joto. Cha pili ni madini ya antimoni, ambayo viwanda vingi huyatumia kuharakisha utengenezaji wa PET na ambayo mabaki yake husalia ndani ya chupa. Chupa ikikaa mahali pa baridi, antimoni hutoka polepole mno, lakini kadiri joto linavyopanda ndivyo inavyotoka kwa kasi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Arizona, Marekani, waliochapisha matokeo yao mwaka 2008, walikadiria kwamba katika nyuzijoto 60 zingehitajika siku 176 ili antimoni ifikie mikrogramu 6 kwa lita, ambacho ni kikomo cha Marekani, ilhali katika nyuzijoto 80 zingetosha siku mbili na kitu. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani, WHO, ni mikrogramu 20 kwa lita.

Kwa hesabu hiyo, jua la siku moja haligeuzi maji kuwa sumu, wala hupaswi kumwaga chupa iliyosahaulika garini mchana mmoja huku watoto wana kiu. Lakini katoni inayopigwa na jua wiki baada ya wiki inapoteza ubora ambao mnunuzi ameulipia, na hakuna sababu ya kulikubali jambo hilo. Tena, nyuzijoto 80, ambazo jua halizifikishi, hufikiwa kwa urahisi na chai. Asubuhi vituoni utaona watu wakinunua chai au uji wa moto uliomiminwa katika chupa ya maji, hadi chupa inasinyaa na kujikunja mkononi mwa mnunuzi. Chupa inayosinyaa imekwisha kupita joto ambalo PET inaweza kulihimili. Kama kuna jambo moja la kuacha leo, ni hilo.

Kuhusu duka, zungumza na mwenye duka kwa upole: katoni zikae kivulini, juu ya chaga za mbao, mbali na mafuta ya taa, sabuni ya unga na rangi, kwa kuwa harufu za vitu hivyo hupenya plastiki. Akikataa, nunua kwingine. Unaponunua, tazama alama ya TBS, yaani Shirika la Viwango Tanzania, tarehe ya mwisho wa matumizi na kizibo, ambacho pete yake ya chini inapaswa kuwa haijakatika.

SWALI: Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, Kajiado. Tuliwahi kufundishwa kutia maji katika chupa za plastiki na kuzilaza juu ya paa la mabati ili jua liue vijidudu. Sasa wazazi wanasema jua na plastiki vikikutana ni sumu. Niwaambie nini?

JIBU: Mwalimu, waambie kwamba pale ambapo hakuna kuni za kutosha wala dawa ya kutibu maji, njia hiyo bado ni nzuri. Ilijaribiwa kwa watoto wa Kimaasai hapo hapo Kenya, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 1996 yalionyesha kwamba watoto ambao chupa zao zililazwa juu ya paa waliharisha kidogo kuliko wale ambao chupa zao ziliwekwa ndani ya nyumba. Uchunguzi uliofuata ulionyesha kwamba iliwakinga pia watoto wadogo dhidi ya kipindupindu. Vipimo vya maji yaliyotibiwa kwa utaratibu huo vimekuta kemikali za plastiki zikiwa chini ya vikomo vya WHO, ilhali kuhara kunaweza kumuua mtoto mdogo kwa siku chache.

Masharti yake yafuatwe: chupa iwe angavu, isiyo na rangi wala mikwaruzo mingi, na isizidi lita mbili; maji yawe maangavu kiasi cha kusomeka maandishi kupitia chupa; chupa zikae juani kwa muda wa saa sita kamili, au siku mbili mfululizo ikiwa mawingu yametanda. Chupa ikichakaa, ibadilishwe.

SWALI: Ofisini kwetu Nairobi tunatumia mashine ya maji yenye chupa kubwa za lita 18.9, ambazo huletwa kwa pikapu na kurudishwa kiwandani kujazwa tena. Mfanyakazi mwenzetu ni mjamzito na amesikia kwamba chupa hizo zina kemikali inayovuruga homoni.

JIBU: Anayoyasikia yana msingi. Nyingi za chupa hizo ngumu, hasa zile za rangi ya samawati zinazotumika miaka kadhaa, hutengenezwa kwa polikaboneti, yenye namba 7, na polikaboneti hutengenezwa kwa bisifenoli A, inayojulikana zaidi kwa kifupi chake BPA. Kemikali hiyo hufanana kiasi na homoni ya estrojeni inapoingia mwilini. Umoja wa Ulaya uliipiga marufuku katika chupa za kunyonyeshea watoto mwaka 2011. Mwezi Aprili 2023 mamlaka yake ya usalama wa chakula ilishusha kiwango kinachovumilika kwa siku mara 20,000, na mwanzoni mwa 2025 ikaanza kutumika sheria ya kuiondoa hatua kwa hatua katika vyombo vinavyogusana na chakula. Haikuwa hukumu ya pamoja, kwani taasisi ya Ujerumani inayotathmini hatari hizo ilipinga kushusha kiwango kiasi hicho. Lakini mama mjamzito hana haja ya kungoja wataalamu wamalize mabishano yao. Anywe maji yaliyochemshwa na kupozwa katika chombo cha kioo au cha chuma kisichoshika kutu, na ofisi iombe chupa za PET, ambazo baadhi ya viwanda huzitoa kwa ukubwa huo huo. Chupa iliyokwaruzika hadi imefifia irudishwe bila kupokelewa. Na mabomba ya mashine yenyewe yasafishwe mara kwa mara, kwa sababu utando unaoteleza ndani ya bomba ni makazi ya bakteria.

SWALI: Mimi ni mwanafunzi wa chuo, Mombasa. Nimesoma kwamba lita moja ya maji ya chupa ina maelfu ya vipande vya plastiki. Maji ya kisima hapa yana chumvi na mama anataka tuendelee kununua. Vipande hivyo vinatufanya nini mwilini?

JIBU: Kenya ilikuwamo katika uchunguzi uliolifanya jambo hili lijulikane. Mwaka 2018 wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Jimbo la New York huko Fredonia walipima chupa 259 za chapa 11 zilizonunuliwa katika nchi tisa, na asilimia 93 zilionyesha dalili za chembe za plastiki, kwa wastani wa chembe 325 kwa lita. Mwanzoni mwa 2024 watafiti wa Chuo Kikuu cha Columbia, wakitumia njia ya leza inayoona chembe ndogo zaidi, walipata wastani wa chembe kama 240,000 kwa lita katika chapa tatu zinazouzwa Marekani, na takriban asilimia 90 zilikuwa ndogo kiasi cha kuitwa nanoplastiki. Usidhani kwamba maji yalichafuka mara mia kadhaa katika miaka hiyo sita: kilichobadilika ni uwezo wa vyombo vya kupimia. Baadhi ya chembe zilikuwa za PET, yaani plastiki ya chupa yenyewe, na nyingine zilikuwa za nailoni, ambazo watafiti walihisi zinatoka kwenye vichujio vya kiwandani vilivyokusudiwa kuyasafisha maji.

Kuhusu mwili, ripoti ya WHO ya mwaka 2019 ilisema kwamba ushahidi uliokuwapo haukuonyesha hatari kwa viwango vya wakati huo, ikataka utafiti zaidi ufanywe. Tangu hapo dalili za kutia wasiwasi zimeongezeka. Mwezi Machi 2024 madaktari wa Italia waliripoti kuhusu wagonjwa waliopasuliwa ili kuondolewa mafuta yaliyoganda katika mishipa ya shingo: wale ambao mafuta yao yalikutwa na plastiki walipata mshtuko wa moyo, kiharusi au kifo mara nne na nusu zaidi ya wenzao katika kipindi cha takriban miaka mitatu. Utafiti wa namna hiyo unaonyesha kwamba mambo mawili yanatembea pamoja, na hauthibitishi kwamba moja limeleta jingine. Tena plastiki hiyo inaweza kuwa imetoka kwenye hewa, chakula au vumbi. Mimi nauchukulia kuwa sababu ya kutosha ya kupunguza pale panapowezekana kupunguza.

Kwenu Mombasa inawezekana kuliko unavyodhani. Watafiti wa Guangzhou, China, walieleza mwaka 2024 kwamba kuchemsha maji magumu, yaani yenye chokaa nyingi, na kisha kuyachuja, huondoa sehemu kubwa ya chembe hizo, kwa sababu chokaa inapoganda huzinasa. Ule ukoko mweupe unaoshika kwenye kuta za sufuria ya mama yako ndio chokaa yenyewe. Kuchemsha hakuondoi chumvi, hivyo kama kisima ni cha chumvi kali tumieni maji ya bomba au ya mvua kwa kunywa, yachemsheni, yaacheni yatulie, yachujeni kwa kitambaa safi kilichokunjwa mara nne na myahifadhi katika mtungi wenye kifuniko. Maji ya chupa yabaki kwa safari na dharura.

SWALI: Ninauza juisi ya ukwaju na maziwa mtindi hapa Tanga. Chupa tupu nazinunua kwa waokota makopo, nazisuuza kwa maji ya moto na sabuni. Nyumbani tunazitumia pia kuwekea mafuta ya kula na mafuta ya taa. Wateja wameanza kuniuliza. Je, kuna ubaya?

JIBU: Dada yangu, ubaya upo, na ninakuomba ulisome jibu hili hadi mwisho.

Chukua chupa moja kati ya hizo, ifungue, uiangalie shingo yake mahali panaposhikana na kizibo. Kuna mifereji myembamba inayozunguka, na ndani ya kizibo kuna mingine kama hiyo. Brashi haifiki hapo vizuri, na mate ya aliyekunywa mwanzo hubaki hapo pamoja na bakteria wake. Maji yenye moto wa kutosha kuwaua yangeikunja chupa, na maji ya vuguvugu yanayoiacha chupa salama huwaacha bakteria salama pia. Maziwa na juisi ni chakula chao. Jambo la pili ni kwamba hujui chupa ilibeba nini kabla ya kufika kwako. Inaweza kuwa ilitiwa petroli ya bodaboda, dawa ya kuulia wadudu shambani au rangi, na plastiki hufyonza vitu vya namna hiyo kiasi kwamba kuosha hakuviondoi vyote. Kwa biashara, acha kabisa. Nunua chupa mpya, au uza kwa glasi kutoka kwenye ndoo yenye bomba na kifuniko, na uwaeleze wateja sababu, watakuamini zaidi. Mtu anayejaza tena chupa yake mwenyewe kwa maji baridi, akaiosha kila siku na kuiacha baada ya siku chache, hana cha kuogopa sana.

Mafuta ya taa ndiyo yaliyonifanya nikuombe usome hadi mwisho. Yakiwa ndani ya chupa ya maji, mtoto wa miaka miwili hana namna ya kujua. Ameiona chupa hiyo hiyo mkononi mwa mama yake, ana kiu, anaifungua. Kunywa mafuta ya taa kwa bahati mbaya ni miongoni mwa sababu kubwa za watoto wadogo kufikishwa hospitali kwa sumu katika nchi nyingi za Afrika, na chombo kinachotajwa mara kwa mara ni chupa ya maji au ya soda. Madhara makubwa hutokea mapafuni, ambako mafuta yakiingia huleta uvimbe unaomfanya mtoto ashindwe kupumua. Likitokea, usimtapishe mtoto wala usimnyweshe chochote cha kumfanya atapike, kwa sababu kutapika ndiko kunakoyapeleka mafuta mapafuni. Mkimbize hospitali mara moja. Leo jioni, kabla ya kulala, hamishia mafuta hayo katika dumu lenye rangi tofauti na kifuniko kigumu, uliweke juu asikofika mtoto, na ile chupa uitoboe kabla ya kuitupa.

SWALI: Tunaishi Arumeru, ambako maji ya visima huharibu meno ya watoto kuwa ya kahawia. Tukiambiwa maji ya chupa ni mabaya, tunywe nini?

JIBU: Ninyi mna sababu nzuri ya kutafuta maji mengine, na msione haya. Floraidi iliyozidi majini, ambayo ni madini yanayotoka kwenye miamba ya volkano inayozunguka Meru na Kilimanjaro, huanza na meno na ikiendelea kwa miaka mingi huharibu mifupa. WHO inashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Angalizo kubwa: kuchemsha hakuiondoi, na kwa kuwa maji hupungua yakichemka, floraidi iliyobaki huwa nzito zaidi. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto kimeshughulikia kwa miaka mingi uchujaji kwa mkaa wa mifupa, ambao huinasa floraidi. Ulizeni katika ofisi ya maji ya wilaya jinsi ya kupata chujio la namna hiyo, na maji ya mvua yavuneni kadiri mnavyoweza. Pesa ikiwa kidogo, maji yasiyo na floraidi wapewe kwanza watoto wenye umri wa chini ya miaka minane, maana meno yao ya ukubwani bado yanaumbwa ndani ya ufizi.

SWALI: Mimi ni mvuvi wa siku nyingi, Kunduchi. Baada ya mvua kubwa, nyavu huja na chupa na vizibo vingi kuliko samaki. Vijana wanazikusanya na kuzichoma ufukweni. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku. Chupa kwa nini zimeachwa?

JIBU: Shikamoo, mzee wangu. Marufuku ya Tanzania Bara iliyoanza tarehe 1 Juni 2019 ililenga mifuko ya kubebea bidhaa, ikaacha vifungashio vya viwandani. Zanzibar ilitangulia kwa mifuko mwaka 2006. Kenya ilipiga marufuku mifuko mwaka 2017, kisha tarehe 5 Juni 2020 ikazuia plastiki za kutumika mara moja, chupa za maji zikiwamo, katika hifadhi, misitu na fukwe zilizotengwa. Mazungumzo ya mkataba wa dunia kuhusu plastiki, yaliyoanzishwa kwa azimio la Nairobi la Machi 2022, yalivunjika Geneva mwezi Agosti 2025 bila makubaliano.

Vizibo unaviona vingi kwa sababu vinatengenezwa kwa plastiki nyepesi kuliko maji, na huelea daima. PET ni nzito kuliko maji ya bahari: chupa iliyofungwa huelea kwa hewa iliyomo ndani, na ile iliyo wazi hujaa na kuzama. Kwa hiyo zile zinazonaswa na nyavu zako ni sehemu tu ya zilizoingia baharini. Jua na mawimbi huzivunjavunja hadi ziwe chembe, na samaki huzimeza. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 kuhusu sangara na sato walionunuliwa Mwanza ulikuta plastiki katika matumbo ya takriban samaki mmoja kati ya watano.

Vijana wakomeshwe kuchoma. Moshi wake una masizi na gesi zinazodhuru mapafu, na takataka zikichanganyika na plastiki zenye klorini, kama vipande vya mabomba na nyaya, huzalisha dioksini, ambazo ni sumu inayokaa mwilini miaka mingi. Isitoshe, wanachoma mali, kwani chupa za PET hununuliwa kwa kilo, husagwa na kugeuzwa kuwa nyuzi za nguo au chupa nyingine. Bei huwa nzuri zaidi zikiwa angavu, zimetenganishwa na zile za rangi, zimetolewa kizibo na lebo, na hazina mchanga wala mafuta ndani.

Lakini siwezi kuuacha mzigo wote kwa waokota makopo, ambao hufanya kazi hiyo juani bila glavu kwa malipo madogo. Chupa ya soda ya kioo hatukuitupa mtaroni, kwa sababu dukani ilidaiwa amana na kreti lake lilihesabiwa. Ninaamini amana kama hiyo iwekwe kwenye kila chupa ya plastiki, na kiwanda kinachoiuza kiwajibike kuikusanya. Kenya imekwisha kuweka msingi wa wajibu huo katika sheria yake ya usimamizi wa taka ya mwaka 2022. Diwani wako na mbunge wako waulizwe hilo.

Kwa sasa, mzee, wavuvi na vijana hao waungane na uongozi wa mtaa, na kazi ianzie kwenye mitaro kabla ya ufukwe. Wekeni wavu wa zamani wa matundu makubwa mahali mtaro unapokaribia bahari, muufunge kwa namna unayoweza kufunguliwa maji yanapojaa ili usilete mafuriko, na muusafishe baada ya kila mvua. Ufungwe mwezi Februari, kabla ya masika.